Mama Mkwe Mlimani Wanale

Nilizaliwa Walukuba, Jinja, katika nyumba za safu zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, na mpaka nikaota mvi sikuwahi kulala mahali penye mlima. Kwetu mtu akitaka kwenda sokoni anakwenda tu. Hapandi wala hashuki. Ziwa liko upande mmoja, mji upande mwingine, na katikati watu wanatembea huku wakizungumza, kwa kuwa pumzi wanazo za kutosha.

Sisi ni Wanubi. Mababu zetu waliletwa kutoka Sudani wakiwa askari wa wakoloni, wakaoa huku, wakazikwa huku. Nyumbani tulisema Kinubi na Kiswahili, sokoni Kisoga, na nikikasirika nilichanganya zote tatu. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Alipofariki nilibaki na binti mmoja na kazi ya mikono niliyofundishwa na mama: kusuka makawa ya kufunikia chakula, yale ya rangi nyingi ambayo sisi tunayaita tabaka. Binti nilimsomesha kwa makawa hayo. Akaenda Mbale kusomea ualimu, na huko akampata mwalimu mwenzake, Mgisu wa juu ya mlima wa Wanale.

Nilipoambiwa kijana ni Mwislamu nikaona hakuna la kuuliza tena. Ndoa ilifungwa Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, nyumbani kwa shangazi yake. Mimi nilikaa ndani na wanawake, na bwana harusi nilimwona dirishani tu, mabega na kofia. Nikarudi Jinja kesho yake na picha ya mabega hayo. Nilidhani uso nitauona siku nyingine.

Baba wa mkwe wangu alimkatia kipande cha shamba huko juu, wakajenga. Kisha binti yangu akaharibikiwa na mimba, na mwaka uliofuata akaharibikiwa na nyingine. Ya tatu ilipokaa, daktari akamwambia alale kitandani, asibebe hata sufuria. Akanipigia simu.

"Mama, njoo ukae nami. Mumeo—" akakosea, akacheka kidogo, "mume wangu anashinda shuleni. Mchana kutwa ni mimi na mabati."

Nikafunga nyumba, nikamwachia jirani ufunguo na kuku, nikaenda.

Ukiwa Mbale mjini huna haja ya kuuliza Wanale uko wapi. Unasimama nyuma ya maduka kama ukuta, juu umenyooka, na kule kwenye genge unaona jiwe tupu lisiloota kitu. Nilifika wakati mvua zimeanza, na maji yalikuwa yanaanguka kutoka juu ya lile genge, michirizi myeupe mingi, mingine mirefu mpaka inapeperushwa na upepo kabla haijafika chini. Nilisimama nikatazama na moyo wangu ukasema: huko ndiko mwanangu anakokaa?

Boda ilinipandisha mpaka njia ilipomshinda dereva. Hapo nikamkuta mtu amesimama, amenipa mgongo. Shati la mikono mirefu, gambuti miguuni. Dereva akamkabidhi begi langu, naye akalitia kichwani akaanza kupanda bila kusema neno, bila kugeuka. Nikajua ni mkwe wangu kwa yale mabega. Nikasema moyoni: hivi ndivyo walimu wa siku hizi wanavyopokea wazee?

Nikamfuata. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, imekatwa vidaraja vidaraja kwa jembe, kulia migomba, kushoto hewa. Kila nilipopungukiwa na pumzi nilisimama. Na kila niliposimama, yeye naye kule mbele alisimama, amesikia nyayo zangu zimenyamaza. Hakugeuka. Nikianza, anaanza. Tulipofika uwanjani aliweka begi juu ya kigoda, akazunguka nyuma ya migomba, akatoweka.

Binti yangu nilimkuta kitandani, amenenepa uso, miguu imevimba. Tulipomaliza kulia na kucheka nikamuuliza, "Mumeo nimemkosea nini?"

"Hujamkosea, mama. Huku mtu hatazamani na mama wa mkewe. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Ni heshima."

"Najua. Hata Wasoga wanafanya. Lakini mimi si Mgisu."

"Wewe si Mgisu," akasema, "lakini yeye ni Mgisu."

Basi walikuwa wamenijengea chumba changu mbali kidogo, chini ya nyumba yao, katikati ya mibuni. Cha udongo, mabati mapya, sakafu imepigwa vizuri, na mlango umetazama upande wa pili ili nikitoka tusionane. Kila kitu kilifanywa kwa adabu. Niliketi humo jioni ile ya kwanza, taa za Mbale zikiwaka chini kabisa, na adhana ya magharibi ikapanda kutoka misikiti ya mjini, mmoja ukianza mwingine ukimalizia, na sauti zote zilinifikia zimechoka. Nikaswali. Nikala ndizi nilizoletewa. Sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba miguu inatetemeka.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ilikuwa mlima wenyewe. Kwenda kwa binti yangu ni kupanda. Kwenda kisimani ni kushuka, na kurudi na maji ni kilio. Asubuhi watu wote walikwenda mashamba, wanawake wenye mvi kama zangu wakinipita na mizigo ya kabichi kichwani, wanashuka kama wanateleza juu ya mafuta. "Mulembe," walinisalimu, na mimi nikajibu "Mulembe," amani, na hapo Kimasaaba changu, hiyo lugha yao, kikaisha. Nikiongeza neno la Kiswahili, nyuso zilifungwa. Hawakunitukana. Waliinama wakapita, kama mtu anavyopita penye mbwa asiyemjua.

Mkwe wangu alipokuwa shuleni nilikaa na binti yangu, nikampikia, nikamkanda miguu, nikasuka kando ya kitanda chake. Jioni alipokuwa anarudi alikohoa akiwa bado kwenye kona ya njia. Kikohozi hicho kilikuwa cha kuniambia niondoke. Nilikusanya ukindu wangu, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikashuka kwa kushika mibuni. Mara nyingi nilimwacha binti yangu katikati ya maneno.

Lakini sikuweza kumchukia. Asubuhi nilipofungua mlango nilikuta jerikeni la maji limejaa na kuni zimepasuliwa nyembamba, za kumfaa mwanamke mwenye mikono ya kusuka. Sikuwahi kumwona akizileta. Siku moja nilimwambia binti kwamba huku hakuna samaki, basi tu kwa kuzungumza. Kesho yake nikakuta kichwa cha sangara kimening'inizwa mlangoni ndani ya mfuko, kimepanda mlima wote huo kwa ajili yangu.

Kuna mara moja ilimbidi aniulize jambo na mkewe alikuwa amelala. Nikamsikia nje, nyuma ya migomba, anasafisha koo. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha shule, taratibu:

"Wewe mgomba, mwambie mama kwamba mkono wa binti yake jana ulikuwa na joto. Muulize kama leo umepoa."

Nilishika mdomo nisicheke. Nikamjibu mgomba: "Mwambie baba umepoa. Na mwambie samaki alikuwa mtamu."

Kisha sauti ikasema, "Mgomba, mwambie asante," na gambuti zikaondoka. Siku ile yote nilikuwa na furaha, na jioni ilipofika nikaona kwamba hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyokuwa nimezungumza na mtu mwingine tangu nifike, ukimtoa binti yangu.

Mama yake mkwe wangu alikaa juu yetu, nyumba ya pili. Mwanamke mfupi, mkavu, miguu imara. Alikuja kuniona siku za mwanzo na bakuli limefunikwa jani la mgomba. Akaliweka mbele yangu, akasimama wima, akasema kwa sauti kubwa:

"Kaa chini!"

Nilikuwa nimekaa chini.

"Kula! Haraka!"

Nilikula haraka. Ilikuwa malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, na nilivyoogopa sikusikia ladha. Alinitazama mpaka nikamaliza, akachukua bakuli, akasema, "Lala!" akaenda zake.

Nilimweleza binti yangu nikiwa nimeudhika.

"Hayo ndiyo maneno ya Kiswahili anayoyajua, mama. Aliyasikia kwa askari, zamani za utawala wa jeshi, walipokuwa wanapanda huku kutafuta watu. Hana mengine. Alitaka kukukaribisha."

Baadaye, siku nyingine, akanisimulia lililobaki. Askari walikuja kumchukua kaka yake yule mama. Hakuwa amefanya lolote. Kuna mtu tu alimtaja. Gari lilisimama kule chini njia inapoishia, na neno la mwisho ambalo dada mtu alilisikia lilikuwa "Panda!" Kaka akapanda gari, hakurudi, hana kaburi.

Mimi nilikuwa na wajomba wawili jeshini miaka hiyo. Walikuwa watu wazuri nyumbani, walituletea peremende. Hawakutusimulia walikotumwa, na walikwisha kufa. Niliposikia habari ile nilikaa chumbani mwangu siku nzima, mvua inapiga mabati, na nilipokutana tena na yule mama nilitafuta neno la Kiswahili ambalo askari hawakuwa nalo, nimpe. Nikamwambia, "Pole." Akalirudia, "Bole," kama anaonja kitu. Sijui kama alielewa. Lakini tangu siku ile alikuja kila baada ya siku chache, akaketi mlangoni pangu akinitazama ninavyosuka. Tulikaa hivyo, wazee wawili, hatuna lugha. Akitaka kuondoka alijiamuru mwenyewe: "Toka!" na akatoka.

Mvua mwaka ule hazikupumzika. Zilinyesha mchana, zikanyesha alfajiri, mpaka nguo hazikauki na ukindu wangu ukaanza kuota ukungu. Watu wa mlimani hawakutazama mbingu, walitazama ardhi. Siku moja mkwe wangu hakwenda shule. Nilimwona kupitia upenyo wa ukuta, ameinama uwanjani na baba yake, wanachomeka vijiti pande mbili za mstari mwembamba uliokuwa umepasua udongo kutoka mibuni mpaka karibu na choo. Niliuweka unyayo wangu pale walipoondoka. Ufa ulikuwa mwembamba, hata kidole hakiingii. Jioni yake kidole kiliingia.

Binti yangu hakuambiwa. Mimi pia sikumwambia. Nilimkanda miguu, nikamsimulia habari za Walukuba.

Uchungu ulimshika asubuhi, kabla ya wakati wake. Nilikuwa naye, mumewe yuko shambani anachimba mfereji wa kuyaondoa maji. Akanishika mkono akasema, "Mama, mapema hivi?" na uso wake ulikuwa wa mtoto mdogo. Nilitoka mlangoni nikapiga kelele. Nilipiga kelele kwa Kinubi, kwani hofu haichagui, na bado walielewa. Mama yake mkwe wangu alishuka mbio, akaingia, akamtazama, akamgusa tumbo, akatoka. Sauti yake ilisikika mlima mzima.

Boda hazikuwa zikipanda. Usiku uliotangulia njia ilikuwa imeanguka mahali. Jirani mmoja, mwanamume wa makamo, alikuja kunipa habari hiyo kwa Kiswahili cha huko:

"Mama, njia nakufa. Mlima nakula yeye. Lakini sisi nabeba."

Walitoa ngazi ya mianzi, wakaifunga magunia na blanketi, wakamlaza binti yangu juu, wakamfunga kifuani na miguuni kwa khanga zangu. Wanaume wanne walishika: mkwe wangu, ndugu yake, yule jirani na mwingine wa nyumba ya bondeni. Mama mtu alitangulia mbele na fimbo, akipima udongo. Na hapo ndipo maneno yake yalipopata kazi. "Simama!" Wakasimama. "Taratibu" hakuijua, kwa hiyo alisema "Haraka" akipunga mkono kwa chini, polepole, na wao wakaelewa. Mimi nilifuata nyuma kabisa. Nilikuwa nimevua viatu. Nilishuka nimekaa penye utelezi mkali, nikijivuta kwa matako kama mtoto, na matope yakanijaa mpaka shingoni. Sikuona haya. Nilisikia mwanangu akilia mbele na sikuweza kumfikia.

Tukafika pale njia ilipoliwa.

Sijui nipaeleze vipi mtu wa Walukuba akapaona. Njia ilikuwa inapinda kuzunguka bega la mlima, na lile bega lilikuwa limeondoka. Limebaki jeraha jekundu, limelowa, maji yanachuruzika, na chini yake migomba imelala kichwa chini miguu juu. Katikati ya jeraha watu walikuwa wamekata tangu alfajiri kijia cha kupitisha mguu mmoja mmoja, na juu yake wamefunga kamba kutoka mti huu mpaka mti ule. Wale wanne walisimama wakashauriana kwa lugha yao. Kisha wakamgeuza binti yangu, wakampitisha wamejipanga mstari, wawili mbele wawili nyuma, mkono mmoja kwenye ngazi, mmoja kwenye kamba. Nilifunga macho. Nilisoma aya nilizozikumbuka. Nilipofumbua walikuwa ng'ambo.

Ikabaki mimi. Nikashika kamba, nikaweka mguu wa kwanza, nikatazama chini, na mwili ukakataa. Si kwamba niliamua. Nikakaa palepale mwanzo wa kijia nikaikumbatia kamba kwa mikono miwili. Nikawaambia kwa sauti, "Nendeni! Mpelekeni! Niacheni hapa!" na niliposema hivyo nilijua kwamba kama mwanangu atafia njiani sitakuwepo, na kama atazaa sitakuwepo.

Waliweka ngazi chini ng'ambo. Nikamwona mkwe wangu anaanza kurudi.

Alikuja akiifuata kamba, miguu inapapasa, macho chini. Ilikuwa mara ya kwanza anakuja upande wangu, na nilifunika uso kwa ushungi, kwa kuwa hata mimi sasa nilikuwa nimejifunza. Nikasikia anapumua karibu. Kisha udongo ukasogea, na nilipochungulia nikaona amegeuka, amechuchumaa mbele yangu, amenipa mgongo. Yale mabega.

Hapakuwa na mgomba wa kumpelekea maneno. Alisema mwenyewe, "Mama, panda."

Sikusogea. Nilijua tunachofanya. Mtu ambaye haruhusiwi kunipa mkono ananiambia nimkumbatie shingo mchana kweupe, mama yake anaona, jirani zake wanaona. Nikasema, "Baba, mila yenu."

"Najua."

Hapo mama yake, ng'ambo ya jeraha, alinyoosha fimbo yake kunielekea, akapaza sauti mpaka genge likajibu:

"Panda!"

Nilijua neno lile alilitoa wapi. Nadhani na yeye alijua ninajua, kwa sababu alipolisema alijishika kifua. Akalisema tena, kwa sauti ndogo. "Panda. Panda, bole."

Nikapanda. Nikamkumbatia shingo kwa mikono yenye matope, akanishika chini ya magoti kwa mkono mmoja, mwingine ukashika kamba. Alinuka moshi na majani ya kahawa. Moyo wake niliusikia mgongoni, unakwenda kama mashine ya kushona. Mwili wake wote ulikuwa unatetemeka, na mimi si mzito. Naamini hakutetemeka kwa uzito.

"Usitazame chini, mama," akasema.

"Sitazami."

"Anauliza kama uko."

"Mwambie niko."

Akapaza sauti kumwambia mkewe niko. Akanitua ng'ambo, hakugeuka, akaenda kushika ngazi yake. Uso wake sikuuona hata siku ile.

Chini tulikuta pikapu ya kabichi imesimama, inangoja mizigo iliyoshindwa kushuka. Waliteremsha kabichi zote kando, wakamweka binti yangu, nami nikaingia nikampakata kichwa. Hospitali kubwa ya mjini walimpokea wakampasua. Walinitolea mtoto wa kike amefungwa kitambaa, mdogo kama mkate, analia kwa hasira. Binti yangu aliamka jioni, akauliza maji.

Mngeniuliza wakati ule ningesema mambo yameisha vizuri, na kweli yaliisha vizuri. Mama mzima, mtoto mzima. Lakini kwa upande wangu hivi ndivyo yalivyokuwa.

Mkwe wangu alikwenda kwa shehe, na shehe akamwambia hana dhambi yoyote, mama wa mkewe ni mama yake. Kisha akaenda kwa wazee wa ukoo, nao wakamwambia shehe amesema kweli, na mila nayo ni kweli. Mbuzi wa kututakasa akachinjwa. Mpaka achinjwe na maneno yasemwe, hakutakiwa hata kusikia sauti yangu, kwa hiyo siku alizokuja hospitali mimi nilikaa nje ya wodi, chini ya ukuta wa jikoni, na wanawake wengine wanaosubiri. Nilikuwa namsikia akimchekesha mkewe ndani. Nilifurahi, na nilikuwa nje.

Kabla hawajatolewa hospitali, ufa ule ulifunguka. Chumba changu cha udongo kiliondoka na mibuni yote, kikaenda bondeni, na nusu ya nyumba yao ikabaki imening'inia, haikaliki. Hakufa mtu, mkwe wangu alikuwa amekwisha kuhamia kwa mama yake. Mkwe wangu akapanga chumba Namatala, huko chini mjini, kwenye safu ya vyumba vya watu wanaotafuta riziki siku kwa siku. Chumba kimoja, mlango mmoja, hakina nyuma. Mwalimu mwenye mke na kichanga, ndicho alichokipata.

Binti yangu alijaribu kunitafutia pembe. "Labda kwa jirani, mama. Labda pazia." Nikamwambia pazia si ukuta. Niliwaza nikae Nakaloke kwa shangazi yake mkwe, lakini kwake kulikuwa kumejaa waliohamishwa na mlima. Kwa hiyo mtoto alipopata nguvu ya kunyonya vizuri nilimbusu, nikarudi Jinja.

Yule mama wa mkwe wangu alishuka kuniaga. Alikuwa amevaa gomesi lake jema, na alikuwa amejifunza kwa mkamwana wake maneno mawili mapya. Alinishika mikono yote miwili pale kituoni akayasema kwa sauti ileile ya amri: "Karibu tena!" Watu wakageuka kututazama. Nikamwambia asante. Akasema, "Santi." Nikapanda gari nikalia mpaka tukavuka mto wa kwanza njiani.

Nilirudi Mbale mara moja tu tangu hapo, kiangazi, kwa siku moja, kumwona mtoto anavyotambaa. Binti yangu alikutana nami dukani kwa rafiki yake, kwa kuwa mumewe angeweza kurudi nyumbani wakati wowote. Mtoto hakunijua. Alilia nilipomchukua, nikampa kifuniko cha tabaka kidogo nilichomsukia, akakitia mdomoni akanyamaza, akanitazama hivyo kwa muda mrefu. Nikaagana nao, nikakata njia kupitia Namatala kwenda kituoni.

Na hapo, kwenye kichochoro kati ya wauza nyanya na wauza makaa, nikamwona anakuja. Shati la mikono mirefu, mfuko wa vitabu begani. Tulionana kwa pamoja. Hapakuwa na kona. Akageukia ukuta wa kushoto, nami nikageukia wa kulia, nikavuta ushungi, na tukasimama hivyo tumepeana migongo, watu wanapita katikati yetu na mikokoteni. Nikasikia mwanamke mmoja muuza nyanya akimwambia mwenzake kwa Kiswahili, "Hawa wamegombana."

Nilitaka kumwambia yule mwanamke. Nilitaka nimwambie kwamba mtu huyu alinibeba juu ya shimo, na kwamba hivi anavyoniheshimu ndivyo anavyonipenda. Lakini ningefungua mdomo angenisikia, na ingemlazimu kujibu. Nikangoja. Baada ya muda nikahisi amepita. Nikaenda kituoni.

Siku hizi binti yangu hupiga simu baada ya alasiri. Mtoto anasema "habuba," neno letu la bibi, ingawa bado analisema kwa kila kitu, hata kwa kijiko. Wanatafuta nyumba yenye vyumba viwili na mlango wa nyuma, tambarare, mbali na mlima. Kila mara ananiambia wameiona moja, na wiki inayofuata imepangwa na mtu mwingine. Ninamwambia asiharakishe. Kisha anasema mumewe ananisalimu, nami ninasema arudishiwe salamu, na simu inakatika. Ninasuka kidogo mpaka mwanga unapopungua. Ninakula mapema, kwa kuwa chakula cha mtu mmoja hakichukui muda kuiva.